Samadi ya Miaka Elfu Tatu

Keti na maofisa wa maliasili, soma tahariri za magazeti yetu, au vumilia hotuba ya kufungua semina ya mazingira hadi mwisho. Kauli moja hutaikosa. Mfugaji wa kuhamahama anaimaliza ardhi. Ng'ombe wake wamezidi, hana mpango, akishapamaliza hapa anaswaga kundi kwenda pale, na nyuma yake anaacha vumbi na makorongo. Kauli hii haitolewi kama hoja. Inatolewa kama jambo ambalo kila mwenye akili timamu analijua, na kwa kuwa kila mtu analijua, hakuna anayeulizwa alilijulia wapi. Kinachofuata huwa ni maagizo tu: apunguze mifugo, ahame, awekewe vigingi, aelimishwe.

Naikataa, na siikatai kwa huruma. Wanaowahurumia wafugaji ni wengi, wa hapa na wa ng'ambo, na huruma yao haijamrudishia mtu hata kisima kimoja. Naikataa kwa sababu inajivika joho la sayansi wakati sayansi yenyewe imeshasema vingine. Udongo wa nyanda za juu za kusini mwa Kenya umechimbwa, umepimwa maabara, umewekwa chini ya hadubini, na unachosimulia kuhusu watu waliofuga hapo miaka 3,000 iliyopita ni kinyume cha hotuba za semina.

Kwanza tuone kauli hii ilitoka wapi, maana haikuota yenyewe. Mwaka 1926 mwanaanthropolojia Mmarekani, Melville Herskovits, aliandika juu ya nafasi ya ng'ombe katika jamii za Afrika Mashariki: mahari, heshima, ibada, majina. Waliomsoma haraka wakachukua walichokitaka, kwamba Mwafrika amerogwa na ng'ombe, anakusanya idadi kwa fahari na hana hesabu ya malisho. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikilitafuta wazo la namna hiyo. Mwaka 1938 huko Machakos maofisa walianza kuwakamata ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, eti wamezidi uwezo wa ardhi. Walinadiwa kwa bei ya kutupa, na mnunuzi mkubwa alikuwa kiwanda cha nyama cha Liebig's pale Athi River. Kwamba Wakamba walikuwa wamebanwa katika eneo dogo baada ya malisho yao kuchukuliwa na walowezi, hilo halikuhesabiwa kuwa sehemu ya tatizo la udongo. Ikabidi watu wafunge safari hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi mjini kwa majuma kadhaa, ndipo serikali ikaacha kuwapunguzia mifugo kwa lazima.

Kisha mwaka 1968 akaja Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, na makala yake maarufu katika jarida la Science. Alimtaka msomaji awaze malisho yaliyo wazi kwa kila mtu: kila mfugaji, akifuata faida yake, ataongeza ng'ombe mmoja, kisha mwingine, mpaka nyasi ziishe na wote waangamie. Alimtaka awaze tu. Hakumpeleka malishoni. Miaka 30 baadaye Hardin mwenyewe alikiri kwamba alipaswa kuzungumzia malisho yasiyo na utaratibu, lakini wakati huo hukumu ilikwisha toka na wafungwa walikwisha pelekwa. Mwaka huohuo wa 1968 Kenya ilipitisha sheria ya kuyageuza malisho ya Wamaasai kuwa ranchi za vikundi, ambazo baadaye nyingi zilikatwakatwa kuwa vipande vya mtu mmojammoja. Hilo nitalirudia.

Sasa tushuke shimoni.

Mifugo iliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini. Kando ya Ziwa Turkana walikuwako wafugaji kama miaka 5,000 iliyopita, lakini ilipita zaidi ya miaka elfu moja kabla ng'ombe hawajaenea katika nyanda za juu za Bonde la Ufa la kati, Mau, Narok na Loita, hadi uwanda wa Mbulu. Mwanaakiolojia Diane Gifford-Gonzalez amependekeza kuwa walichelewa kwa sababu ya magonjwa: nagana inayoenezwa na mbung'o, na ile homa ambayo nyumbu huibeba bila kuugua na kuwaambukiza ng'ombe msimu wa kuzaa. Wafugaji hao walijifunza wapi pa kupita na lini. Walipotulia waliacha mabaki tele: vyungu, mabakuli ya mawe, meno ya ng'ombe na mbuzi, visu vya kioo cha volkano. Huko Luxmanda, mkoani Manyara, kuna makazi yao makubwa ya miaka kama 3,000 iliyopita. Kuna Narosura na Ngamuriak upande wa Narok, na Hyrax Hill nje kidogo ya Nakuru. Lipo pia pango la Mto Njoro, ambamo Mary na Louis Leakey walikuta mifupa ya watu waliochomwa na kuzikwa pamoja na shanga, mabakuli ya mawe na mitwangio yake. Walilichimba mwaka 1938. Yaani katika koloni moja, mwaka mmoja, serikali ilikuwa ikiwanyang'anya watu ng'ombe ili kuiokoa ardhi isife, na huku wachimbaji wakifukua ushahidi kwamba ng'ombe walikuwa kwenye ardhi hiyo tangu miaka elfu tatu nyuma. Hakuna aliyeketi akayaweka mambo hayo mawili kwenye meza moja.

Niseme mapema jambo moja, kabla mpinzani hajalisema kwa furaha. Wafugaji hao wa kale hawakuwa Wamaasai. Wamaasai walifika katika nyanda hizi karne nyingi sana baadaye. Vinasaba vilivyotolewa katika mifupa ya kale, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, vinaonyesha watu waliotokana na mchanganyiko wa wahamiaji wa kutoka kaskazini-mashariki mwa Afrika na wawindaji waliokuwa wenyeji. Kwa hiyo sitoi hapa hati ya kumiliki ardhi kwa kabila lolote. Ninachotetea ni namna ya kuitumia nyika, nayo imepita mikononi mwa watu wengi wenye lugha mbalimbali kwa muda mrefu kuliko mashamba ya mahindi katika sehemu kubwa ya nyanda hizo.

Namna hiyo inaonekana vizuri zaidi kwenye zizi. Asubuhi ng'ombe, mbuzi na kondoo hutawanyika kilomita kadhaa wakila. Jioni hurudi na kulala mahali pamoja. Walichokila mbali wanakitoa hapa, usiku kwa usiku, mwezi kwa mwezi. Samadi inakanyagwa, inaloweshwa na mkojo, inakauka, inafunikwa na nyingine. Kisha boma linahamishwa, kwa kuwa kupe na viroboto wamezidi, matope yamefika magotini, au nyasi za karibu zimekwisha. Hapo panabaki hame, na ndani ya hame kitanda kinene cha samadi.

Hame likiwa jipya halipendezi. Samadi bado ni kali, pametifuka, hapaoti kitu cha maana, na hapo ndipo ofisa mwenye kamera hupiga picha ya kuonyesha uharibifu. Angerudi baada ya misimu kadhaa angekuta magugu ya majani mapana, mtunguja na jamaa zake. Angerudi tena baadaye angekuta ukoka na nyasi laini, mbichi kuliko za jirani, na miti imejitenga pembeni. Mwanaikolojia David Western na wenzake wameyafuatilia mabadiliko haya katika mahame ya Amboseli, na huko Laikipia David Augustine amepima rutuba ya viwanja vya nyasi vilivyotokana na mazizi yaliyoachwa miongo mingi nyuma. Swala pala wanavijua viwanja hivyo kuliko sisi. Huko ndiko wanakojazana, hasa majike wanaonyonyesha, kwa sababu maziwa yanataka fosforasi, na nyasi za pembeni hazina ya kutosha. Samuel McNaughton alikwisha onyesha mwaka 1988, kwa vipimo vya Serengeti, kwamba wanyama wala nyasi hawasambai ovyo. Hufuata madini, fosforasi na magnesiamu zikiwamo.

Swali lilikuwa ni rutuba hiyo inadumu muda gani. Hapa ndipo wanaakiolojia walipokuwa na la kusema ambalo wanaikolojia hawakuweza, kwa sababu mwanaikolojia anaweza kurudi porini baada ya miaka 20, lakini hawezi kungoja 2,000.

Ruth Shahack-Gross na Fiona Marshall walianza na mahame ya Kimaasai ya juzijuzi huko Kajiado, ili wajue zizi lililokufa linaachaje alama. Kipande cha udongo hutolewa kikiwa kizima, kikagandishwa kwa resini, kikasagwa mpaka kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Chini ya hadubini huonekana matabaka membamba yaliyojipinda mawimbimawimbi: ni nyasi zilizotafunwa, zikanyewa, zikakanyagwa. Ndani yake mna vichembe vya silika vilivyokuwa kwenye majani, ambavyo havijui kuoza, na vijiduara vya chokaa vinavyoundwa tumboni mwa mnyama anayecheua. Vijiduara huyeyuka kadiri mvua inavyopita, lakini silika inabaki ikishuhudia. Kwa njia hii udongo wa kijivu ambao mkulima angeudhani ni jivu la jikoni unaweza kusomwa na kuthibitishwa kuwa ni samadi ya kale.

Mwaka 2018 Marshall na wenzake, wakiwamo Shahack-Gross, Stanley Ambrose na Purity Kiura wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya mahame matano ya Narok: Indapi Dapo, Sugenya, Ntuka River na mawili ya Oloika. La karibuni kuliko yote liliachwa miaka kama 1,550 iliyopita, na kongwe lina miaka kama 3,700. Yote matano yalikuwa na fosforasi, kalsiamu na magnesiamu kupita udongo wa jirani, na naitrojeni yake ilikuwa na uzito ule unaotokana na samadi na mkojo. Juu ya mahame hayo panaonekana viwanja vya nyasi vyenye upana wa mita kama 100, vinavyotambulika hata kwenye picha za setilaiti. Mvua za miaka elfu tatu zimenyesha hapo, mchwa wamechimba, moto umepita, wanyama wamekula na kunya, na bado ukipima unajua ng'ombe walilala wapi.

Mtu akiniambia mfugaji anaacha jangwa nyuma yake, namwomba anionyeshe jangwa lenye umri huo.

Najua yatakayosemwa. Watasema rutuba hiyo haikuumbwa, ilihamishwa tu. Kilichoongezeka zizini kilipungua malishoni. Ni kweli, na aliyeleta pingamizi hili anajua anachozungumza. Lakini hajaifikisha hoja mwisho. Udongo mwingi wa nyika ya Narok ni mchovu wa fosforasi. Rutuba kidogo ikitandazwa kila mahali kwa usawa haimtoshi jike anayenyonyesha popote. Ikikusanywa mafungumafungu, inamtosha mahali pengi. Ng'ombe hupunguza kidogo sana katika eneo kubwa na kulundika kwenye eneo dogo, na kadiri boma linavyohama, mafungu huongezeka. Wanyamapori nao wakija kula hapo huacha samadi yao juu ya ile ya kale, na ndege na wadudu huwafuata. Huku ndiko kuifanya nyika iwe na mabaka, na nyika yenye mabaka hulisha viumbe wa aina nyingi kuliko iliyo sawasawa.

Watasema pia mahame matano ni machache. Ni machache, na natamani yangechimbwa mia. Ila nauliza: wanaodai uharibifu wa kale wamechimba mangapi? Mtu asiyeleta hata hame moja hana haki ya kuyadharau matano.

Kuna shutuma nyingine inayotoka mbali zaidi, kwamba wafugaji ndio walioiua Sahara. Mwaka 2017 mwanaakiolojia David Wright alipendekeza kuwa mifugo ilisaidia kuikausha Sahara ilipokuwa bado kijani. Mwaka uliofuata Chris Brierley na wenzake wa London wakapiga hesabu zao za hali ya hewa na mimea wakafikia upande wa pili: Sahara ilichelewa kukauka, pengine kwa miaka 500 hivi, na ufugaji unaweza kuwa sababu mojawapo ya kuchelewa huko. Mjadala haujafungwa. Lakini katika semina zetu utasikia nusu ya kwanza tu.

Na rasilimali si nyasi peke yake. Kioo cha volkano, lile jiwe jeusi linalokatika kwa makali ya wembe, kilikuwa ndicho chuma cha zama zile: cha kuchinjia, kuchunia ngozi, kukwangulia. Jamii ambazo wanaakiolojia wanaziita za Elmenteita zilikipata kwa wingi sana kutoka mteremko wa kaskazini-mashariki wa Mlima Eburru, na kilisafiri mpaka Gogo Falls upande wa Ziwa Victoria, kama kilomita 200. Majirani zao, waliofuga ng'ombe walewale katika nyika ileile lakini kwa vyungu na desturi tofauti, walitumia zaidi mawe ya karibu na Ziwa Naivasha. Wataalamu wanatambua chanzo kwa kupima kemia ya kila kipande, kwa hiyo hapa hakuna kubahatisha. Makundi mawili yanakaa pamoja kwa karne nyingi, na kila moja linashika machimbo yake. Katika fikra za Hardin wangepaswa kuugombania mlima hadi uishe. Mimi naona hapo utaratibu: nani anachimba wapi, nani anampa nani, jiwe linapita mikononi mwa akina nani hadi lifike ziwani. Anayetaka kuita hali hiyo vurugu ya kila mtu na lwake, aniambie vurugu gani hudumu miaka zaidi ya elfu moja bila kubadili machimbo.

Kisha kuna suala la wanyamapori, ambalo ndilo huwatoa wafadhili machozi. Ngamuriak, katika bonde la Lemek, ni makazi ya miaka kama 2,000 iliyopita. Marshall alichambua mifupa ya hapo, na karibu yote ni ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Fikiria mahali penyewe: nyumbu, punda milia, swala, pofu, wote wakipita mbele ya boma. Watu hao walikuwa na silaha na njaa kama binadamu wengine, na hawakuwala, au waliwala kwa nadra sana. Haikuwa hivyo kila mahali. Prolonged Drift, karibu na Nakuru, ina mifupa mingi ya wanyama wa porini. Lakini Ngamuriak inatosha kuonyesha kwamba mtu anayekunywa maziwa na kula mifugo yake anaweza kuwaacha nyumbu waendelee na safari. Na maziwa waliyanywa kweli. Masalia yake yamepatikana katika vigae vya vyungu na katika ukoga uliogandia meno yao.

Basi ilikuwaje tukaaminishwa kwamba Serengeti na Ngorongoro ni pori ambalo halikuwahi kuguswa? Jibu lina jina: sotoka. Ugonjwa huo ulipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1890 uliwafyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki karibu wote, na njaa na ndui zikamalizia watu. Msafiri Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwaka 1892 alikuta Wamaasai ambao walikuwa mifupa inayotembea. Ng'ombe walipotoweka, vichaka vikafunga nyika, na pamoja na vichaka mbung'o. Wazungu waliokuja kuchora mipaka baada ya hapo waliitazama ardhi iliyofiwa wakaiita ardhi ya asili.

Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa. Bernhard Grzimek, daktari wa wanyama na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, akasisitiza kwamba hifadhi lazima ibaki pori la mwanzo, lisilokaliwa na mtu, hata mwenyeji. Mwaka 1959 Wamaasai wakatolewa Serengeti, na filamu ya Grzimek ya mwaka huo ikashinda tuzo ya Oscar. Sasa sikiliza. Seronera, mahali ambapo watalii wengi wa Serengeti hulala, mwanaakiolojia John Bower alichimba katika miaka ya 1970 makazi ya wafugaji wa zama za mabakuli ya mawe. Chini katika kreta ya Ngorongoro yamo makaburi ya wafugaji wa zama hizohizo, na Mary Leakey alichapisha habari zake mwaka 1966. Pori la mwanzo lina mazizi na makaburi ndani yake. Ushahidi huo haukufichwa. Umechapishwa na kuwekwa katika maktaba zetu, ila wanaosaini amri za kuwahamisha watu hawaingii humo.

Lililobaki ndilo gumu, na sitalikwepa. Watasema: sawa, zamani watu walikuwa wachache, leo tumejaa, ng'ombe wamejaa, na mfano wa miaka 3,000 haufai. Ukweli wa pingamizi hili ni kwamba kuna mahali leo ambapo mifugo inaiparua ardhi hadi mwamba, nimepaona na wewe umepaona. Lakini kabla hujaulaumu wingi, uliza kama kundi hilo lina pa kwenda. Mahame ya Narok yaliwezekana kwa sababu boma lilihama. Zizi lisilohama halizai kiwanja cha nyasi. Linazaa lundo la samadi upande mmoja na udongo uliochoka upande mwingine, mwaka kwa mwaka, bila kupumzika. Ukiyakata malisho vipande vya ekari kadhaa, kila kipande na waya wake, umemfunga mfugaji asifanye jambo lile lile lililoirutubisha nyika, halafu unamshtaki kwa matokeo.

Na ikiwa watu wengi ndio tatizo, tuna mahali pa kupima. Mfumo wa Serengeti na Mara ni mmoja, umekatwa na mpaka wa nchi mbili. Mwaka 2001 mtafiti Katherine Homewood na wenzake walilinganisha pande hizo mbili: udongo na mvua zinazokaribiana, wafugaji wa kabila lilelile, lakini sera tofauti za ardhi. Upande wa Kenya nyumbu wakaazi walianguka kutoka takriban 119,000 mwaka 1977 hadi kama 22,000 miaka 20 baadaye. Upande wa Tanzania hapakuwa na anguko la namna hiyo. Kama ng'ombe na ongezeko la watu ndio wauaji, pande zote mbili zilikuwa nao. Kilichokuwa Kenya tu ni mashamba makubwa ya ngano ya kulimwa kwa trekta katika nyanda za Loita, palepale nyumbu walipokuwa wakizalia, pamoja na ardhi iliyogawiwa hati ili iweze kukodishwa kwa wenye matrekta. Hukusikia semina ya kuwaelimisha wakulima wa ngano juu ya uharibifu wa mazingira. Mwenye trekta huitwa mwekezaji.

Hapo ndipo ubishi wangu na watu wa kauli ile unapokuwa mkali zaidi. Mwaka 2022 Tanzania ilianza kuwahamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, wilayani Handeni, na mwaka huohuo kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zikawekewa vigingi. Sababu iliyotangazwa ni ileile ya Machakos ya 1938: watu na mifugo wamezidi, ikolojia inaelemewa. Inawezekana mahali fulani imeelemewa. Basi ipimwe. Serikali inayowahamisha watu kwa jina la ikolojia iwe na vipimo vya udongo vya mahali wanapotoka, mkabala na vya mahali ambako hakuna mfugaji aliyeruhusiwa kwa miaka 60. Ionyeshe nyasi zimepungua kwa sababu ya kwato, au kwa sababu moto wa kuchoma nyika umepigwa marufuku, au kwa sababu njia za kwenda malisho ya kiangazi zimefungwa. Fosforasi na naitrojeni zinapimika katika maabara za udongo za hapahapa Afrika Mashariki. Na kwa kuwa mahame ya kale yamo hata ndani ya mipaka ya hifadhi, sampuli za kwanza zichukuliwe Seronera.